Siku Mtambo Uliponitangaza Marehemu

Nimekuwa mtu wa wasiwasi kwa miaka mingi sasa. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikitia barua kwenye sanduku la posta, natia na vidole nihakikishe imeanguka ndani. Wanangu wananicheka, nami nawaacha wacheke, maana hawakuwapo Korogwe zile siku mbili ambazo nilikuwa mzima na marehemu kwa wakati mmoja.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa fundi katika kampuni moja ya Tanga iliyouza vifaa vya utangazaji. Sisemi redio za kuweka juu ya kabati na kufunika kitambaa cha kufuma. Hizo hata duka la Mhindi lenye rafu mbili lilikuwa nazo. Sisi tuliuza vitu vya wasemaji, si vya wasikilizaji: mitambo ya kurushia sauti hewani, maikrofoni nzito kama nyundo, vipaza sauti vya kufungwa juu ya nguzo, mashine za kunasa sauti kwenye utepe. Wateja wetu walikuwa serikali, misheni na mashamba makubwa ya mkonge. Bwana wetu alikuwa mhandisi wa Kiingereza, mwembamba, mtu wa kutafuna kiko kisicho na tumbaku. Alikuwa mkali lakini si mwonevu, na kazi yote niliyoijua ni yeye aliyenifundisha.

Bwana huyo alikuwa na sharti moja ambalo alitukaririsha mpaka likatutoka puani. Unapojaribu maikrofoni, unahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, kisha unaanza upya. Husemi neno lenye maana. "Namba haiwezi kudhuru mtu," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. Mimi nililiona sharti hilo ni la kizungu tu, sawa na lile la kuvaa soksi ndefu katika joto la Tanga.

Mwaka ule serikali ilikuwa ikitafuta mtambo mdogo wa kurushia matangazo wilayani, mkubwa aseme mahali pamoja na watu wa masoko ya mbali wamsikie. Kampuni mbili ziliitwa zionyeshe bidhaa zao: yetu, na nyingine ya Nairobi. Sisi tulitangulia. Mtambo wetu tuliuweka Korogwe, katika ghala la shamba la mkonge karibu na reli, kwa kuwa shamba lilikuwa na injini yake ya umeme. Kipaza sauti tulikifunga Handeni, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja Mwislamu aliyekuwa wakala wetu wa betri. Alhamisi, saa nne asubuhi, Bwana DC, mkuu wa wilaya, angesimama mbele ya duka lile asikilize. Sauti ikifika safi, serikali inanunua kwetu. Ikifika mbovu, Nairobi wanaingia. Na mimi ndiye niliyechaguliwa kusema, kwa sababu kwetu ni Kwaluguru na watu wa Handeni wangeielewa lafudhi yangu bila kusumbuka.

Jumatano asubuhi bwana alipanda treni kwenda Tanga kuchukua taa za akiba za mtambo, zile za kioo zinazowaka ndani. Angerudi na treni ya jioni. Aliniachia maagizo mawili: nisiuache mtambo peke yake, na nijaribu maikrofoni. Nijaribu ndani kwa ndani, yaani sauti iishie kwenye vifaa vya masikioni, isiende popote. Nami nilijua haiwezi kwenda popote, kwa sababu waya wa angani ulikuwa haujafungwa. Kumbe bwana aliufunga mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda stesheni, akasahau kuniambia. Ulikuwa nyuma ya mtambo. Ningezunguka hatua tatu ningeuona, na hatua tatu hizo sikuzipiga.

Ghala lile lilikuwa na mlinzi, Mnyamwezi, mtu aliyenipita miaka kumi hivi. Alikuja kukata mkonge kwa mkataba, mkataba ukaisha, akabaki. Mimi ni Mzigua. Kwa hiyo tulikuwa watani, na nani wa kutuzuia? Asubuhi hanisalimu kama watu. Ananiuliza nimeamkaje na mimi nilikwisha kufa tangu juzi. Namjibu kwamba nimerudi kumchukua yeye, kwa kuwa huko niendako hakuna wa kunibebea mizigo. Mtani wako anaweza kukunyang'anya kofia sokoni. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Siku ya msiba wako ndiye anayejilaza kaburini akidai hatoki mpaka apewe chake. Wala hukasiriki. Ukikasirika, mwenye aibu ni wewe.

Nikawa nahesabu pale kwenye maikrofoni, moja mbili tatu, nikaona haisaidii. Huwezi kusema na papo hapo ukaipima sauti yako mwenyewe, inakuvumia kichwani. Nilihitaji mtu mwingine aseme, mimi nivae vifaa vya masikioni nisikilize. Nikamwita mtani.

"Nikae hapa?" akauliza.

"Kaa hapo, uhesabu."

Alihesabu mpaka saba, akaiziba maikrofoni kwa kiganja. "Namba zenu hizi za Kizigua zinachosha. Niache niseme maneno ya watu wazima."

Nilijua sharti la bwana. Nililijua vizuri. Lakini bwana alikuwa ndani ya treni, na namba kweli zilikuwa zinachosha, na mimi nilikuwa kijana mwenye kujiona. Nikamwambia aseme.

Akaondoa kiganja, akajiweka sawa, akakohoa kidogo, akashusha sauti kama mpeleka tanzia. "Ndugu zangu wa Handeni, hasa ninyi wa Kwaluguru. Nawapa habari nzito kutoka Korogwe. Fundi wa mitambo, mtoto wa mzee wa nta, amefariki leo asubuhi. Jamaa zake waje kuchukua maiti."

Aliitamka kwa utulivu mpaka mimi mwenyewe nikasisimkwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika na kicheko kikamtoka, kicheko cha kifuani, kimepasuka vipande vipande. Kilinikwaruza masikioni nikajua nimefungua sauti kupita kiasi. Nilijua pia kinachofuata. Sasa angeeleza nimekufa kwa ugonjwa gani, nao haungekuwa ugonjwa wa kutajwa mbele ya watu wa heshima, na mlango wa ghala ulikuwa wazi. Nikazima. Tukacheka wote wawili mpaka machozi. Nikaandika kwenye daftari: maikrofoni nzuri, sauti ipunguzwe.

Saa saba mchana tarishi wa posta aliniletea telegramu. Ilitoka kwa mwenye duka wa Handeni, imeandikwa kwa kampuni:

POLENI MSIBA WA FUNDI WENU. BABA YAKE ALIKUWA SOKONI KASIKIA MWENYEWE. ANAKUJA HUKO KUCHUKUA MAITI. KWA MIGUU.

Niliisoma mara ya kwanza nikamwonea huruma huyo fundi. Wallahi, ndivyo ilivyokuwa. Mara ya pili ndipo nilipotazama nyuma ya mtambo, nikauona waya umefungwa, umekazwa vizuri kwa mkono wa bwana, umepanda ukutani mpaka nje.

Nieleze hapa niliyokuja kuyajua baadaye. Jumatano ilikuwa siku ya gulio Handeni. Mwenye duka hakuweza kungoja Alhamisi. Alikuwa na kipaza sauti kipya barazani na soko zima mbele yake, akakifungua asubuhi ile ili watu wakusanyike hata kama hakisemi kitu. Wakakusanyika. Baba yangu, aliyekuwa ameleta nta na asali kutoka Kwaluguru, alikuwa amesimama mbele kabisa. Alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe ndiye anayezitengeneza sauti hizo. Watu wakasikia moja mpaka saba. Wakasikia tanzia. Gari la mwenye duka lilikuwa limekwenda kuchukua mizigo, na baba hakulingoja.

Nilikaa juu ya kreti, telegramu mkononi. Baba yangu alikuwa na pumu. Miezi ile mganga wa zahanati alikuwa amemkataza hata kupanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu. Kutoka Handeni mpaka Korogwe, kwa mtu mwenye afya, ilikuwa safari ya siku mbili kwa miguu, jua kali, vumbi, na pori lenye wanyama. Mama alikwisha kufa. Baba alikuwa na mimi tu, na sasa alikuwa njiani kunifuata maiti. Niliona wazi namna itakavyokuwa: atakaa kando ya njia apumzike, hatainuka, na mimi nitakuwa nimemwua baba yangu kwa mzaha wa dakika moja.

Mtani aliniuliza kuna nini. Nilimsomea. Alitoa kofia yake kichwani, akaishika kwa mikono miwili.

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa mtambo wenyewe. Si umefika Handeni? Basi nitausema ukweli kwa njia ile ile. Nikawasha, nikaikamata maikrofoni, nikasema mimi ni fundi, mimi ni mzima, ule ulikuwa utani, mkamateni baba yangu njiani mumrudishe. Nikasema kwa Kiswahili. Nikarudia kwa Kizigua. Nilirudia mpaka sauti ikakauka, mshale wa kipimo unachezacheza mbele yangu kuonyesha kwamba kila neno linatoka. Lakini mtambo wa kurushia sauti hauna masikio. Unasema, halafu hujui. Miaka yote niliyoifanya kazi ile sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka mchana ule. Labda soko zima linanisikia na kushangilia. Labda nasema na kuku.

Nilikuwa nasema na kuku. Mwenye duka, mtu mwenye adabu zake, alikuwa amekizima kipaza sauti mara tu baada ya tanzia na kufunga ubao mmoja wa mlango, kwa heshima yangu.

Nikakimbia posta. Mtani alibaki kulinda. Karani aliniuliza mpeleka telegramu ni nani, nikamwambia ni fundi wa mitambo wa kampuni. Aliniangalia, akaangalia nakala ya ile telegramu ya kwanza, akaniangalia tena. "Mbona huyu ndiye aliyefariki?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana," akasema, akaanza kugonga ujumbe wangu. Niliandika kwamba ni mzima na ulikuwa utani, nikamwomba mwenye duka atume gari lake lifuate njia ya Sindeni, kwa jina la Mungu.

Sasa nifike kwenye sehemu nisiyopenda kuisimulia. Ningeweza kwenda. Lori la abiria lilikwisha kuondoka tangu alfajiri, ni kweli, lakini nilikuwa na miguu kama baba, na yake haikuwa bora kuliko yangu. Ningeanza kutembea saa ile ile, tungekutana popote pale. Sikwenda. Nilirudi ghalani nikakaa, kwa sababu bwana alisema nisiuache mtambo, na kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi. Nilijiambia telegramu ina mbio kuliko mimi. Nilijiambia mwenye duka ana gari. Yote yalikuwa kweli, na yote niliyasema ili nibaki nimekaa.

Mtani hakunilaumu. Alikuja akachuchumaa karibu yangu. "Mtani," akasema, "nimeua?"

Nilitaka kumtukana, lakini nilikosa haki. Yeye alifanya kazi ya mtani. Mimi ndiye niliyemkata katikati. Ningemwacha aseme nusu dakika zaidi, angefika kwenye matusi, na Handeni nzima ingejua ni Mnyamwezi anatania. Watu wa kwetu hawapotezwi na utani. Wanaujua unavyoanza na unavyoishia. Mimi niliwapelekea mwanzo bila mwisho. Nikamwambia, "Bado hatujui."

Jioni, kabla ya treni kuingia, telegramu ya pili ikaja:

MZEE TUMEMPATA KARIBU NA SINDENI. TUMEMRUDISHA KWA GARI YUKO ZAHANATI. KIFUA KIBAYA. TUNAMWAMBIA U MZIMA. ANASEMA TUNAMTULIZA TU.

Nilishukuru Mungu, lakini hofu haikuniisha. Nilimjua baba. Katika mila zetu mtu haambiwi msiba barabarani. Anaambiwa fulani ni mgonjwa kidogo, twende nyumbani. Anafikishwa taratibu mpaka mlangoni. Kila walipomwambia "mwanao ni mzima", yeye alisikia watu wema wanaomfikisha mlangoni.

Bwana alipofika nilimweleza kila kitu, pamoja na habari ya sharti lake nililolivunja. Alinisikiliza huku anatafuna kiko. Alipofahamu kwamba waya aliufunga yeye, uso ulimwiva mwekundu, akageuka kuutazama ukuta. Nilimwomba ruhusa niondoke na lori la alfajiri.

"Kesho ni saa nne," akasema. "Nani atasema? Wewe sema kesho, baba yako akae pale barazani, atasikia wewe. Si ni bora kuliko telegramu?"

Na mimi nikaona ni bora. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba niliona ni bora. Nilikuwa mtu wa mitambo. Niliamini kwamba mtoto akisema na baba akasikia, mambo yamekwisha. Tukapeleka telegramu wamlete baba barazani saa nne, akiweza.

Alhamisi saa nne nilikuwa mbele ya maikrofoni, shati limelowa mgongoni. Mikononi nilikuwa na karatasi ya serikali: habari za mbegu za pamba na chanjo ya ng'ombe. Bwana alikuwa nyuma yangu. Mtani alisimama mlangoni, mbali na maikrofoni, mkono amejiwekea mdomoni kama mtu anayeogopa usije ukafunguka wenyewe. Niliisoma karatasi yote taratibu. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, nikaongeza kwa Kizigua. Nilimwamkia baba. Nilimwambia ni mimi, sikufa, sikuumwa hata kichwa, jana ulikuwa utani wa Mnyamwezi nami niliukata vibaya, anisamehe. Nilimtajia ng'ombe wetu wawili kwa rangi zao ili ajue hakuna anayeniigiza. Nikazima.

Tukangoja. Bwana alizunguka ghala akihesabu hatua. Mimi nilitazama njia ya posta. Sijui kama mtu anaweza kuelezea kungoja kule: dakika kumi, ishirini, arobaini, kila anayepita na baiskeli unadhani ni tarishi. Nilimwona baba ameketi barazani, tabasamu linamjia. Nilimwona baba ameketi barazani ameegemea ukuta, watu wanamtikisa bega. Picha hizo mbili zilinijia kwa zamu, na hakuna hata moja niliyoweza kuishika.

Tarishi alifika saa tano na nusu. Bwana aliniashiria nifungue mimi, kwa kuwa ingekuwa ya Kiswahili.

SAUTI SAFI SANA. MZEE ANASEMA JANA PIA ILIKUWA SAFI. NJOO.

"Wanasema nini?" bwana akauliza.

"Wanasema sauti safi sana."

Alinishika mkono, akautikisa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akaanza kupanga: DC angetaka kusikia tena jioni, saa kumi, na majumbe wake wote, lazima nisome karatasi nyingine. Nilimwambia siwezi, naenda Handeni. Akasema niende kesho. Nikamwambia naenda sasa. Akaniambia nikitoka mlango ule nisirudi, na nadhani aliamini sitatoka, kwa sababu mpaka siku ile sikuwa mtu wa kutoka. Niliviweka vifaa vya masikioni juu ya meza, juu ya karatasi ya mbegu za pamba, nikatoka. Mtani alikwisha kunitafutia nafasi kwenye lori la shamba lililokuwa linapeleka magunia Handeni. Aliacha lindo lake, akapanda nami.

Lori lilisimama Sindeni kujaza maji, nikamwuliza mama mmoja muuza ndizi kama jana aliona mzee. Akasema alimwona. Alikuwa amekaa chini ya ukingo wa barabara, ameegemea fundo la kitambaa cheupe, hawezi kusema, anaonyesha kwa mkono upande wa Korogwe. "Alikuwa amebeba sanda," akaniambia. "Alikuwa anakwenda kumzika mtoto wake. Maskini, sijui alifika?" Nilimjibu kwamba hakufika, nikapanda lori haraka kabla hajaniuliza mengine.

Handeni mwenye duka alinipokea barazani. Alinishika mabega, akanigeuza huku na huku. "Fundi, nisamehe. Mimi ndiye nilifungua kabla ya siku. Lakini ningejuaje? Yule mtu alikuwa analia! Alipomaliza tu kusema, kilio kikamshika, kikakatika, kimya. Hata mimi nililia. Wanawake wote wa soko walilia."

"Alikuwa anacheka," mtani akasema nyuma yangu.

Mwenye duka alimtazama bila kufahamu. Mimi nilifahamu, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kicheko kizito cha kifuani, sauti imefunguliwa kupita kiasi, kipaza sauti cha bati: kinakwaruzika, kinapoteza uzito wake wa chini, kinabaki kwikwi, kama kilio. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe daftarini. Sauti ipunguzwe. Sikusubiri kumweleza, nikaelekea zahanati.

Baba alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, maana akilala pumzi haipiti. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, kikitoa mluzi. Mganga wa zahanati aliniambia pale mlangoni kwamba atapona, lakini kifua hakitarudi kama zamani, na kweli hakikurudi. Miaka aliyoishi baada ya hapo hakwenda tena mzingani. Alikuwa amefumba macho. Nilijipa moyo, nikasogea.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Hakufumbua hata macho. Tangu jana alikuwa ameletewa sauti nyingi, na hii alidhani ni nyingine. Nikarudia, "Shikamoo, baba. Ni mimi," na nikasikia kwamba nimesema vile vile nilivyosema asubuhi, kwa ufasaha ule ule wa kwenye maikrofoni. Nikanyamaza. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikauweka mkono wangu juu ya wake.

Kisha akakishika kifundo cha mkono wangu, akakibonyeza kwa kidole gumba, polepole, akipanda mpaka kwenye kiwiko, kama anavyobonyeza nta kujua imekomaa. Akanivuta karibu, akanusa nywele zangu, zilizojaa vumbi la njia nzima. Akabonyeza tena. Nilikuwa nalia, sikujificha.

"Nimesikia," akasema. Alivuta pumzi mbili tatu, akafumbua macho, akanitazama. "Sasa ndiyo nimesikia. Marahaba, mwanangu."